Namba ya Kosa Si Matusi: Kusoma Kompyuta Inapokataa Kuweka Nakala



Zamani vitabu vyetu vyote vilikuwa vya karatasi: daftari la hisa, daftari la mikopo, daftari la mahudhurio. Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta moja, mara nyingi ya mitumba, na hesabu za wanachama zimeingizwa humo. Tumeambiwa mara nyingi, "Wekeni nakala ya akiba." Basi tumenunua flashi, kijana fulani akatuwekea programu, na kila Ijumaa jioni programu hiyo hunakili hesabu zetu. Halafu siku moja inakataa. Haisemi shida ni nini. Inaandika tu kitu kama 0x80070070, basi, imenyamaza.

Sasa hiyo ni lugha gani?

Somo la leo ni juu ya namba hizo. Mkimaliza somo hili kikundi chenu kitaweza:

1. Kuigawanya namba ya kosa katika sehemu zake.
2. Kuigeuza iwe namba ya kawaida na kuiuliza kompyuta maana yake.
3. Kujua ni kosa gani mnaweza kurekebisha wenyewe, na ni lipi la kupeleka kwa fundi.

Mnahitaji kalamu, daftari, na kompyuta moja yenye Windows. Kama kompyuta haipo siku hiyo, someni tu. Hesabu zote zinafanyika kwa karatasi.

MFANO WA KIKUNDI KIMOJA

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama thelathini. Wanaweka akiba kila wiki, wanakopeshana, na mwezi wa Desemba wanagawana. Mweka hazina wao ni mama mwaminifu ambaye hajawahi kugusa hata shilingi ya mtu. Kijana wa jirani alimwekea programu ya kunakili, akamwambia, "Mama, wewe chomeka flashi kila Ijumaa. Hiyo ingine itajifanya yenyewe."

Januari hadi Machi kazi ilienda vizuri. Aprili, kibao kidogo kikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kilikuwa na maneno ya Kiingereza na namba ndefu. Mama akaogopa. Pale kwenye mafunzo, watu walikuwa wamemcheka kidogo kwa kuwa mkono wake haujazoea mausi. Akajiambia, nikiuliza watasema nimeharibu. Akabonyeza OK, kibao kikaondoka. Ijumaa iliyofuata kikarudi, akabonyeza tena. Baadaye ikawa ni desturi: chomeka flashi, bonyeza OK, chomoa flashi.

Novemba stima ilipotea wakati wa mvua, iliporudi ikarudi kwa nguvu, na kompyuta ikaungua. Hakuna aliyeshtuka sana. Si nakala iko kwenye flashi? Walipoifungua kwenye kompyuta nyingine walikuta hesabu zimeishia mwezi wa Machi. Miezi saba ya hisa na mikopo haimo.

Mnajua wenyewe yaliyofuata. "Mbona hesabu zipotee wakati wa kugawana?" Mmoja alisema kwa sauti, wengine walisema kwa macho. Iliwabidi kukaa jioni nyingi wakikusanya vijitabu vya wanachama na ujumbe wa M-Pesa, mstari kwa mstari. Hesabu zilirudi karibu zote, lakini mikopo miwili mpaka leo haina makubaliano. Yule mama alijiuzulu.

Kumbe shida ilikuwa nini? Flashi ilikuwa imejaa video za harusi. Namba iliyokuwa ikitokea kila Ijumaa ilikuwa inasema: hakuna nafasi ya kutosha. Kufuta video tatu kungetosha.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyeharibu kompyuta. Kompyuta ilisema ukweli kila wiki kwa miezi saba, lakini iliusema kwa lugha ambayo hakuna aliyefundishwa kuisoma. Ndiyo sababu ya somo hili.

SEHEMU YA KWANZA: NAMBA INA VIUNGO

Tazameni tena namba ile: 0x80070070.

Inaonekana kama namba iliyotupwa ovyo, lakini sivyo. Ni kama barua ya ofisi, ambayo huwa na mhuri, jina la ofisi, halafu ujumbe wenyewe. Tuikate vipande:

0x – Hii inatuambia tu kwamba namba inayofuata imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Tutaieleza hapa chini.

8 – Huu ni mhuri. Maana yake: kazi imeshindikana.

007 – Hili ni jina la ofisi iliyotoa habari. Ofisi namba 7 ni mfumo wa Windows wenyewe. Yaani programu ya kunakili iliiomba Windows kitu, Windows ikakataa, na programu inaleta jibu kama ilivyopewa.

0070 – Huu ndio ujumbe. Hapa ndipo sababu ilipo.

Kwa hiyo kila mkiona namba inayoanza na 0x8007, msihangaike na mwanzo wake. Nendeni moja kwa moja kwenye tarakimu nne za mwisho.

SEHEMU YA PILI: HESABU YA KUMI NA SITA

Wauza mayai watatusaidia hapa. Ukisema "trei mbili na mayai matano," kila mtu sokoni anajua ni mayai 65, kwa sababu trei moja ni mayai 30. Namba ya kushoto unaizidisha kwa 30, unaongeza ya kulia.

Kompyuta nayo ina trei yake, lakini trei yake ni ya 16. Basi 70 ya kompyuta si sabini. Ni trei 7 na mayai 0:

7 × 16 = 112, jumlisha 0 = 112.

Ujumbe wenyewe, basi, ni namba 112.

Kwa kuwa trei ni ya 16, kompyuta inahitaji tarakimu moja moja za kuonyesha kumi hadi kumi na tano. Hapo huazima herufi: A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, na F ni 15. Msishangae kuona herufi katikati ya namba.

Tujaribu ngumu kidogo: 0x8007045D. Ujumbe ni 045D. Kutoka kulia, nafasi ya kwanza ni ya moja moja, ya pili ni ya 16, ya tatu ni ya 256, kwa sababu 16 × 16 ni 256.

D = 13
5 × 16 = 80
4 × 256 = 1024
Jumla = 1117

Aliyemaliza darasa la nane anaweza hesabu hii. Asiyependa kuhesabu kwa mkono anaweza kutumia kikokotoo kilicho ndani ya Windows, akichagua ukurasa wa watengeneza programu, lakini ni vizuri kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayeweza kwa karatasi.

SEHEMU YA TATU: KUIULIZA KOMPYUTA YENYEWE

Sasa tuna namba 112. Windows ina kamusi ya namba hizi ndani yake, na haihitaji intaneti. Fanyeni hivi:

1. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi.
2. Andikeni cmd kisha mbonyeze Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Msiogope, halidhuru kitu likifunguliwa tu.
3. Andikeni: net helpmsg 112
4. Bonyezeni Enter.

Kompyuta itajibu kwa sentensi fupi ya Kiingereza ambayo maana yake ni: hakuna nafasi ya kutosha kwenye diski. Sentensi hiyo mwalimu yeyote wa shule ya msingi atawasomea.

Kumbukeni: hapo mnaweka namba mliyokwisha kuigeuza, yaani 112. Mkiandika 70 mtapata jibu la kitu kingine kabisa, na mtatafuta shida isiyokuwepo.

SEHEMU YA NNE: NAMBA MTAKAZOKUTANA NAZO SANA

Nakilini orodha hii kwenye karatasi ngumu, muibandike karibu na kompyuta.

0x80070070 (112) – Hakuna nafasi. Angalieni flashi ina gigabaiti ngapi zilizobaki. Ondoeni video na nyimbo, au nunueni flashi ya kazi ya kikundi peke yake.

0x80070002 (2) na 0x80070003 (3) – Faili au folda haionekani. Mara nyingi mtu amebadilisha jina la folda, au ameihamisha. Programu bado inaitafuta mahali pa zamani.

0x80070005 (5) – Umekatazwa ruhusa. Huenda mmeingia kwenye kompyuta kwa jina la mtu mwingine asiye na mamlaka ya folda ile. Wakati mwingine programu ya kuzuia virusi ndiyo inayozuia. Msikimbilie kuizima. Ingieni kwanza kwa jina la msimamizi wa kompyuta mjaribu tena.

0x80070015 (21) – Kifaa hakiko tayari. Flashi haijaingia sawasawa, au imechomolewa. Ichomoeni, ngojeni kidogo, ichomekeni kwenye tundu lingine.

0x80070013 (19) – Kifaa kimefungwa kisiandikwe. Kadi kubwa za kamera zina kijiswichi kidogo ubavuni. Kikisukumwa chini, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Kirudisheni juu.

0x80070020 (32) – Faili inatumiwa na programu nyingine. Yaani daftari la mikopo limeachwa wazi kwenye Excel wakati kunakili kunaendelea. Hifadhini, fungeni, halafu mnakili upya.

0x800700DF (223) – Faili ni kubwa kupita kiasi. Ikitokea kwenye flashi yenye nafasi tele, huenda flashi hiyo imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama flashi ni tupu. Fundi anaweza kuipanga upya, lakini kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo. Toeni vitu kwanza.

0x80070017 (23) – Data haisomeki sawasawa. Hii ni ya kuogopa. Mnajua jinsi mweka hazina anavyoandika jumla chini ya ukurasa, na mkaguzi anajumlisha upya kuona kama zinalingana. Diski nayo hufanya hivyo hivyo. Namba hii inasema jumla hazilingani: kilichoandikwa siyo kinachosomeka. Diski au flashi huenda inakufa.

0x8007045D (1117) – Kifaa kimeshindwa katika kusoma au kuandika. Inaweza kuwa ni waya au tundu bovu, inaweza kuwa diski yenyewe. Badilisheni waya au tundu kwanza. Ikirudi, ihesabuni pamoja na ile ya juu.

Kwa hizi mbili za mwisho kanuni ni moja: msifute kitu, msipange upya, msiendelee kujaribu mara ishirini. Tafuteni siku hiyo hiyo kifaa kingine kizima, mnakili yale yanayonakilika, mkianza na daftari la mikopo na la hisa. Mengine baadaye. Nyumba ikishika moto huanzi kutoa viti.

SEHEMU YA TANO: NAMBA ZISIZOANZA NA 8007

Sio kila namba inatoka ofisi namba 7. Mfano unaosumbua watu sana ni 0x80780119, inayotokea mtu anapojaribu kunakili kompyuta nzima kwenye diski kubwa ya nje. Ofisi hapa ni 078. Zidisheni: 7 × 16 + 8 = 120. Ofisi namba 120 ni idara ya Windows ya kuhifadhi nakala. Kwa hiyo net helpmsg haitawasaidia.

Maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kutosha kutayarisha nakala. Mtu anashangaa: "Diski yangu ina gigabaiti mia nne tupu, inataka nini tena?" Lakini diski inayolalamikiwa siyo ile ya nje. Ndani ya kompyuta kuna vyumba vidogo vilivyofichwa ambavyo Windows hutumia wakati wa kuwaka. Chumba kilicho chini ya megabaiti 500 kinahitaji kubaki na angalau megabaiti 50 tupu, na kilicho zaidi ya hapo kinahitaji angalau megabaiti 320. Chumba kimoja kikibanana, kazi yote inasimama.

Kurekebisha vyumba hivyo ni kazi ya fundi, lakini mkimpelekea namba kamili mmemwokolea saa nzima, na hawezi kuwauzia diski mpya ya nje msiyoihitaji. Wakati huo wa kungoja, endeleeni kunakili folda ya kikundi peke yake. Kwa kawaida hesabu za kikundi ni ndogo, zinaingia kwenye flashi yoyote.

SEHEMU YA SITA: NAMBA INAYOONEKANA KOSA NA SI KOSA

Kuna programu ya kunakili inayokuja na Windows bure, inaitwa robocopy. Vijana wengi huipenda kwa sababu haihitaji kununuliwa. Amri yake ni kama hii:

robocopy C:\Kikundi E:\Kikundi /E /R:2 /W:5

Hapo E: ni flashi. Hakikisheni ya kwenu ni herufi gani. Maneno /R:2 /W:5 yanasema: faili ikikataa, jaribu tena mara 2, ukingoja sekunde 5. Msiyaache. Usipoyaandika, robocopy hujaribu tena mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara, na mtu anafikiri kompyuta imelala. Na mtu akiwaambia muongeze /MIR, muulizeni vizuri, kwa maana neno hilo linafuta kwenye flashi kila kisichokuwa kwenye kompyuta. Aliyefuta daftari kwa bahati mbaya atalifuta na kwenye akiba.

Faili ikigoma, robocopy huandika namba zote mbili bega kwa bega, kwa mfano ERROR 32 (0x00000020). Hapo hamhitaji hata kuhesabu.

Ikimaliza, andikeni echo %errorlevel% na itatoa namba moja ya mwisho. Hapa ndipo watu hukosea. Tumezoea kwamba 0 ni vizuri na namba nyingine yoyote ni kosa. Robocopy haiko hivyo. Namba yake ni kama sarafu zilizojumlishwa:

1 – kuna faili zilizonakiliwa vizuri.
2 – kwenye flashi kuna faili za ziada ambazo haziko kwenye kompyuta.
4 – kuna majina yasiyolingana, mfano huku ni faili na kule ni folda.
8 – kuna faili zilizoshindikana.
16 – kosa kubwa, hakuna kilichonakiliwa.

Ukipata 3, ni 1 na 2: imenakili, na kuna vya ziada. Hakuna shida. Ukipata 0, hakukuwa na kipya cha kunakili na hakuna kilichoshindikana. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo kuna kushindwa.

Kwa hiyo namba 1, ambayo mtu angeiogopa, ni habari njema. Na 0, ambayo mtu angeifurahia, ikitokea wiki ambayo mliingiza mikopo mipya, inafaa kuulizwa: mbona hakukuwa na kipya? Huenda mnanakili folda ambayo siyo.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Msibonyeze OK kabla ya kuandika namba. Au pigeni picha kwa simu. Kibao kikiondoka, ushahidi umeondoka nacho.

2. Msiandike nusu ya namba. Kumwambia fundi "ilisema 8007 nini nini" ni kama kumwambia daktari "ninaumwa mahali." Sehemu ya mwisho ndiyo yenye habari.

3. Msilipe wala kupakua "dawa" ya namba hizi kwenye intaneti. Ukiitafuta namba yoyote utaona matangazo mengi ya programu zinazodai kuiponya. Hakuna programu inayoweza kuongeza nafasi kwenye flashi iliyojaa. Na kioo kikiwaambia mpige simu namba fulani mpate msaada, msipige. Huo ni ulaghai.

4. Msichomoe flashi kazi ikiendelea, na msianze kunakili wakati stima inapotea na kurudi, labda betri ya kompyuta iwe nzima.

5. Msimcheke anayeuliza. Hili tunaliweka mwisho lakini ndilo kubwa kuliko yote. Yule mama wa mfano wetu hakukosa akili wala uaminifu. Alikosa mtu wa kumuuliza bila kuona haya.

DESTURI TATU ZA KIKUNDI

Kwanza, wekeni daftari la makosa. Liwe na nafasi ya tarehe, namba kamili, kazi iliyokuwa ikifanyika, aliyeiona, na hatua iliyochukuliwa. Lisomwe kwenye mkutano kama taarifa za fedha zinavyosomwa. Kosa likiwa la kikundi, hakuna wa kulificha.

Pili, mara moja kwa mwezi fungueni nakala. Msiamini kwamba ipo kwa sababu hakuna aliyelalamika. Ichomekeni flashi kwenye kompyuta nyingine, hata ya shule au ya saiba iliyo karibu, fungueni daftari la mikopo, mtazame tarehe ya mwisho, kisha mlinganishe wanachama watatu na vijitabu vyao. Ni kazi ya dakika kumi. Kikundi cha mfano wetu kingefanya hivyo mwezi wa Mei, kingekuwa kimepoteza mwezi mmoja badala ya saba.

Tatu, nakala zisilale nyumba moja. Kuwe na tatu: ile ya kompyuta, flashi moja kwa mweka hazina, na nyingine kwa katibu au mwenyekiti, kijiji kingine ikiwezekana. Lakini kumbukeni flashi hizo zina majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na habari za wanachama si za kutembezwa ovyo. Lifungeni daftari la Excel kwa neno la siri. Neno hilo lijulikane na watu wawili, wala lisiandikwe kwenye flashi. Mkifungua nakala kwenye kompyuta ya watu, hakikisheni hamkuacha faili humo.

MAZOEZI

a) Kompyuta imeandika 0x80070035 mkijaribu kunakili kwenye kompyuta ya pili iliyoko chumba cha pili. Ujumbe ni namba gani ya kawaida?
b) Robocopy imemaliza kwa namba 9. Je, kazi ilifaulu?
c) Namba 0x80070017 imetokea Ijumaa jioni na fundi anapatikana Jumatatu. Mtafanya nini usiku huo?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua mahali nakala ilipo? Kama ni mtu mmoja tu, akisafiri itakuwaje?
2. Mara ya mwisho kufungua nakala yetu ilikuwa lini?
3. Je, mwanachama mzee au asiyesoma sana anaweza kusema hapa "sielewi" bila kuchekwa?

MAJIBU YA MAZOEZI

a) 3 × 16 + 5 = 53. Maana yake njia ya mtandao haikupatikana. Angalieni kama ile kompyuta ya pili imewashwa na imeunganishwa.
b) 9 ni 8 na 1. Nyingine zilinakiliwa, nyingine zilishindikana. Tafuteni kwenye maandishi yake ni zipi. Msiseme imefaulu.
c) Mtatafuta flashi nyingine nzima na kunakili daftari za mikopo na hisa kwanza. Hamtafuta kitu. Mtaandika namba kwenye daftari, na Jumatatu mtampelekea fundi.

Tunamalizia na ombi moja. Katika mkutano wenu ujao, kabla ya mengineyo, ichomekeni flashi na muifungue mbele ya wanachama wote. Mkikuta hesabu za wiki iliyopita zimo, mwambieni mweka hazina asante. Msipozikuta, msimlaumu mtu. Chukueni kalamu, mwandike namba inayotokea, na mwanze na tarakimu nne za mwisho.